Utepe wa Mita Sita: Historia ya Mchezo wa Watoto Tuliozoea Kuwaficha



Kabla ya Ramadhani alikuja dukani kwangu mama mmoja na binti yake anayeolewa. Walikuja kwa ajili ya sare ya ndugu wa bi harusi. Kitambaa walishakichagua, satini ya rangi ya waridi na lesi ya mikono. Nikafungua daftari, nikauliza wako wangapi. Mama akasema watano. Bi harusi akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, sisi sita."

Mama akanitazama mimi, hakumtazama yeye. "Yule wa sita hatokwenda. Atakaa nyumbani na shangazi yake. Hawezi watu wengi."

Sikusema kitu. Fundi anapima nguo, hapimi nyumba za watu. Lakini siku ya pili walirudi kwa vipimo, na yule wa sita wakaja naye kwa sababu hakukuwa na wa kumwachia. Binti wa miaka 14, mzuri mashaallah, mwenye ulemavu wa akili. Hakutaka nimguse na futi yangu, akajibanza pembeni. Chini palikuwa na ukanda mrefu wa satini niliokata ukingoni mwa kitambaa. Akauokota. Kwenye simu yangu ilikuwa inapiga kaswida ya dufu. Yule mtoto akaanza kuuzungusha ule ukanda, duara kubwa, duara dogo, juu, chini, na kila dufu likilia mkono wake unafika pale pale. Hakukosea hata mara moja. Sote tukanyamaza tukamwangalia, na mama yake ndiye aliyeangalia kuliko sote.

Nilikumbuka kwamba nimewahi kuona mchezo kama ule kwenye televisheni. Nikaanza kutafuta na kusoma usiku baada ya kazi. Nilichokikuta ni historia ndefu, na ndani yake mna dada aliyefichwa na familia kubwa kuliko zetu zote. Leo nakusimulieni.

Mchezo wenyewe

Unaitwa jimnastiki ya midundo. Sisi wa visiwani tukitaka kuufahamu haraka tuifikirie halaiki, wale watoto wa skuli wanaocheza uwanjani kwenye sherehe za Mapinduzi, wakinyanyua mikono pamoja kwa kufuata muziki. Jimnastiki ya midundo ni kama mtoto mmoja ametolewa katika halaiki, akapewa zulia lake, na kifaa kimoja mkononi.

Vifaa ni vitano: kamba, duara la plastiki, mpira, virungu viwili vidogo, na utepe. Duara lina upana wa sentimita 80 hadi 90. Mpira ni wa sentimita 18 hadi 20. Utepe ndio unaopendwa na macho: ni wa satini au kitambaa kinachofanana nayo, upana sentimita 4 hadi 6, na urefu mita 6 kwa wakubwa. Umefungwa kwenye kijiti cha sentimita 50 hadi 60. Sharti la utepe ni kwamba usisimame. Mkono ukisita, utepe unaanguka au unafunga fundo.

Mchezo huu ulikulia Urusi ya zamani ya Kisovieti, hasa mji wa Leningrad, katika miaka ya 1930 na 1940, ukichanganya mazoezi ya viungo, ngoma na muziki. Mwaka 1963 yalifanyika mashindano yake ya kwanza ya dunia mjini Budapest, Hungaria. Mwaka 1984 ukaingia Olimpiki, Los Angeles, na medali ya dhahabu ya kwanza ikachukuliwa na msichana wa Kanada, Lori Fung. Katika Olimpiki ni mchezo wa wanawake peke yao.

Sasa, huu ni miongoni mwa michezo migumu sana. Waamuzi wanakata alama kwa kidole kisichonyooka. Ulifikaje mikononi mwa watoto ambao watu walisema hawawezi hata kufunga vifungo vyao? Jibu linaanza nyuma zaidi ya Leningrad.

Walimu walioanza na mikono na miguu

Zamani Ulaya watoto wenye ulemavu wa akili waliwekwa katika hospitali za wagonjwa wa akili, pamoja na watu wazima, bila ya masomo wala mchezo. Iliaminika kwamba akili isipofunguka mapema haifunguki tena.

Mfaransa mmoja, Édouard Séguin, aliyezaliwa mwaka 1812, alikataa. Mwishoni mwa miaka ya 1830 alianza kumfundisha mtoto mmoja mjini Paris, kisha akafungua skuli yake. Wengine walianza na herufi. Séguin alianza na mwili: kupanda ngazi, kubembea, kushika na kuachia, kutembea kwa hatua zinazolingana, kusikiliza sauti na kuijibu kwa mkono. Alisema ukiufundisha msuli kutii, unaifungulia akili mlango. Baadaye alihamia Marekani, na mwaka 1866 akachapisha kitabu kikubwa juu ya njia yake.

Aliyekiokota kitabu hicho alikuwa mwanamke, daktari wa Italia, Maria Montessori. Jina hili mnalijua, kwani limeandikwa kwenye skuli za watoto wadogo kila mtaa. Lakini wengi hatujui kwamba Montessori hakuanza na watoto tunaowaita wa kawaida. Alianza na watoto wenye ulemavu wa akili mjini Roma, na mwaka 1900 alikuwa mmoja wa viongozi wa skuli ya kuandaa walimu wao. Aliwafundisha kwa kugusa, kupanga na kutembea, na baadhi yao wakajifunza kusoma na kuandika. Watu walipomsifu, yeye alijiuliza swali la kinyume: ikiwa hawa wamefika hapa, skuli zetu zinawafanya nini wale wengine? Ndipo mwaka 1907 akafungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa kimasikini wa San Lorenzo. Kwa hiyo ule utaratibu tunaoulipia ada kwa watoto wetu umetoka kwa watoto tunaowafungia ndani. Hili lilinikalisha chini.

Wakati huo huo Uswisi, mwalimu wa muziki Émile Jaques-Dalcroze aliona kwamba wanafunzi wake wanaujua muziki kwa vidole lakini hawausikii mwilini. Akaanza kuwafundisha kutembea, kuruka na kupiga makofi kwa kufuata mdundo. Mazoezi yake yalienea Ulaya, na ni moja kati ya mito iliyoingia katika jimnastiki ya midundo.

Basi kulikuwa na kamba mbili: moja ya kumfundisha mtoto mzito wa akili kupitia mwili, nyingine ya kuufundisha mwili kupitia mdundo. Zilikuja kufungwa pamoja baadaye, na aliyesababisha zikafungwa ni msichana aliyependa sana kucheza dansi.

Dada aliyefichwa

Alikuwa anaitwa Rosemary Kennedy. Alizaliwa Marekani mwezi Septemba 1918, mtoto wa tatu kati ya tisa wa tajiri Joseph Kennedy na mkewe Rose. Kaka yake John ndiye aliyekuja kuwa rais. Rosemary alichelewa kukaa, alichelewa kutembea, na kusoma kulimtaabisha. Familia ilikuwa ya watu wanaoshindana kwa kila kitu, na yeye alibaki nyuma kila siku.

Mwaka 1938 baba yake alikuwa balozi Uingereza. Mwezi Mei mwaka huo Rosemary, akiwa na miaka 19, alipelekwa mbele ya Mfalme na Malkia pamoja na mdogo wake, kama walivyofanyiwa mabinti wa watu wakubwa. Mimi kama fundi nilikaa sana kwenye picha za siku ile: gauni jeupe, shela, na manyoya meupe kichwani. Ukimwona utasema bi harusi. Alikuwa amefanya mazoezi siku nyingi ya namna ya kupiga goti. Siku yenyewe alijikwaa kidogo, akajizuia, akaendelea.

Huko huko Uingereza aliwekwa katika skuli ya watawa waliofuata njia ya Montessori. Alitulia, akawa anasaidia watoto wadogo, na familia iliona amefurahi. Kisha vita vikaja, akarudishwa Marekani, na utulivu ule ukavunjika. Alikuwa msichana mkubwa sasa, ana hasira, anatoka usiku, na wazee wake waliogopa aibu.

Novemba 1941, Rosemary akiwa na miaka 23, baba yake aliruhusu madaktari wampasue ubongo kwa operesheni iliyokuwa mpya wakati ule. Ilitarajiwa imtulize. Ilimharibu. Alipoteza kutembea na kusema, ikabidi ajifunze upya, na mengi hayakurudi. Baadaye akapelekwa kuishi mbali, jimbo la Wisconsin, katika nyumba ya watawa. Kwa zaidi ya miaka 20 watu wa nje hawakuambiwa ukweli. Wakiuliza, walijibiwa kwamba yuko mbali, anafundisha.

Dada zangu, someni tena sentensi hiyo. "Yuko mbali." "Anakaa na shangazi." Sisi tumesikia majibu ya namna hiyo mara ngapi?

Uwanja wa nyuma ya nyumba

Rosemary alikuwa na mdogo wake anaitwa Eunice, aliyezaliwa mwaka 1921. Walikuwa wakiogelea pamoja na kuendesha mashua pamoja. Eunice hakusahau kwamba dada yake aliweza. Alijua kwamba tatizo halikuwa Rosemary peke yake. Hapakuwa na mahali palipomngojea.

Inasimuliwa kwamba mama mmoja alimpigia simu kulalamika kuwa hakuna kambi ya watoto ya kiangazi inayokubali kumpokea mtoto wake. Eunice akafungua ya kwake. Mwezi Juni 1962, katika kiwanja cha nyumba yake jimbo la Maryland, alikusanya watoto thelathini na kitu wenye ulemavu wa akili. Akawaleta na vijana wa sekondari wa kuwasaidia, karibu kila mtoto na wake. Waliogelea, walipanda farasi, walicheza mpira. Walioshangaa zaidi ni wale vijana, maana walikuja na khofu na wakaondoka na marafiki.

Mwezi Septemba mwaka huo huo akaandika katika gazeti kubwa la nchi yake kwamba dada wa rais ana ulemavu wa akili. Huo ulikuwa mlango. Wazazi wengi waliokuwa wakilia chumbani walijua kwamba hata kwa rais yumo mtoto kama wao.

Miaka hiyo hiyo mtaalamu wa Kanada, Frank Hayden, alikuwa akiwapima watoto hawa nguvu na pumzi mjini Toronto. Aliwakuta dhaifu sana kuliko wenzao wa umri mmoja. Madaktari walidhani udhaifu ni sehemu ya ulemavu. Hayden akawafanyisha mazoezi, nguvu zikaja. Akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya udhaifu ule ilitokana na kukalishwa tu. Mtoto asiyepewa nafasi ya kukimbia hawezi kukimbia, na ukishamwona hawezi kukimbia unasema, "Si nilijua?"

Mjini Chicago mwalimu kijana wa michezo, Anne McGlone, alikuwa akifundisha watoto hawa katika bustani za mji. Akapendekeza yafanyike mashindano. Eunice akalipokea wazo na kulikuza. Tarehe 20 Julai 1968, katika uwanja wa Soldier Field, walikusanyika wanamichezo 1,000 kutoka majimbo 26 ya Marekani na kutoka Kanada. Eunice alikuwa na msiba mbichi, kwani kaka yake Robert aliuawa mwezi uliotangulia. Watazamaji walikuwa wachache mno na viti vilikuwa vitupu. Lakini siku ile ndiyo ilizaliwa Special Olympics. Msiichanganye na Paralimpiki, ambayo ilianza kwa watu wenye ulemavu wa viungo. Hii ni ya wenye ulemavu wa akili, na mwaka 1988 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua rasmi.

Mchezo ulirekebishwa, mtoto hakudharauliwa

Jimnastiki ya midundo ikaingia katika michezo hiyo. Namna walivyoipanga ndiyo iliyonivutia mimi kama fundi, kwani walifanya kama tunavyofanya sisi: huukati mwili ufuate nguo, unaikata nguo ifuate mwili.

Kwanza, mchezo umegawanywa kwa hatua. Hatua za chini kabisa zina mienendo michache na rahisi, na ipo iliyotengenezwa kwa anayecheza akiwa amekaa kwenye kiti. Hatua za juu zinakaribia mchezo wa wakubwa. Mtoto anaanza pale alipo.

Pili, katika hatua za mwanzo mwalimu anaruhusiwa kumwongoza mchezaji kwa ishara. Mtoto akisahau anatazama, anaendelea. Kwa mtoto ambaye kusahau kumemfanya achekwe maisha yake yote, hilo si jambo dogo.

Tatu, hawashindanishwi ovyo. Wanapangwa makundi madogo ya watatu hadi wanane, kwa umri na kwa uwezo, ili kila mmoja akutane na anayelingana naye. Watatu wa mwanzo wanapata medali. Wa nne mpaka wa nane wanapata utepe. Hakuna anayeshuka jukwaani mikono mitupu.

Na kwa nini mdundo? Kwa sababu mdundo ni mwalimu asiyechoka. Maneno mengi yanamchanganya mtoto mwenye ulemavu wa akili, lakini mpigo unaorudi vile vile unamwambia sasa, tena, sasa, tena. Utepe nao unamwonyesha kwa macho yake alichokifanya mkono wake. Akipiga duara, analiona duara. Kushika mpira kunafundisha mikono miwili kufanya kazi pamoja, na mikono hiyo hiyo baadaye inafunga kifungo, inashika kijiko, inakunja kanga.

Mpaka Abu Dhabi

Mashindano ya dunia ya Special Olympics yalitoka nje ya Marekani kwa mara ya kwanza majira ya kiangazi mwaka 2003, Dublin, Ireland. Lakini yaliyonigusa ni ya mwezi Machi 2019, kwa sababu yalifanyika Abu Dhabi, na ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi za Mashariki ya Kati. Walikuja wanamichezo zaidi ya 7,000, na jimnastiki ya midundo ilikuwa miongoni mwa michezo yao.

Sisi wafanyabiashara tunaijua Falme za Kiarabu kwa makontena. Tunakwenda Dubai kuchukua lesi, shela na viatu vya maharusi. Wengi wetu tuna ndugu kule. Basi nchi hiyo hiyo tunayofuata mapambo, mwaka 2017 ilitangaza rasmi kwamba watu wenye ulemavu waitwe kwa Kiarabu *as-hab al-himam*, yaani watu wenye hima, wenye nia isiyovunjika. Jina tu halimlishi mtu, najua. Lakini tazameni majina tuliyokuwa tukiyatumia sisi: punguani, taahira, zezeta. Mtoto akiitwa hivyo tangu asubuhi, jioni atakuwa nani?

Tanzania nayo ina chama chake cha Special Olympics, na vijana wetu wamekuwa wakipelekwa kwenye mashindano. Tunalolikosa zaidi ni kutoka ndani. Mwalimu hawezi kumfundisha mtoto asiyejua kama yupo.

Na dini yetu inasemaje?

Mimi si mwanachuoni, na yenye utata tuwaulize masheikhe wetu. Lakini yako yaliyo wazi.

Katika Sahih Muslim imepokewa kwa Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yake, habari ya mwanamke aliyekuwa na kitu katika akili yake. Alimwendea Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, akamwambia ana haja naye. Mtume hakumpitisha kwa mtu mwingine. Alimwita kwa heshima, kama mama wa fulani, akamwambia achague njia yoyote aitakayo, kisha akasimama naye hadi haja yake ikamalizika. Kiumbe bora kuliko wote alisimama njiani, mbele ya watu, na mwanamke ambaye sisi leo tungemwacha kwa shangazi.

Tumefundishwa pia kwamba kalamu imenyanyuliwa kwa asiye na akili timamu. Hahesabiwi. Sisi ndio tutakaoulizwa juu yake.

Ama mchezo, tunajua kwamba Bibi Aisha alishindana mbio na Mtume. Mwanamke kuutumia mwili wake kwa heshima si ugeni katika dini. Wasiwasi wa kina mama wengi ni mavazi, wanaume na muziki. Kuhusu mavazi, kanuni za jimnastiki zenyewe zinaruhusu nguo ya mikono mirefu na ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Na nyumbani au katika ukumbi wa wanawake watupu hakuna anayekulazimisha nguo ya kubana. Kuhusu muziki, asiyetaka ala anaweza kutumia dufu, makofi, au kuhesabu kwa sauti. Mtoto wangu wa satini alicheza kwa kaswida, na hakupungukiwa kitu.

Kwa anayetaka kuanza nyumbani

Nakupeni ya ufundi wangu. Chukueni utepe wa satini wa sentimita 5, na kwa mtoto anayeanza mita 2 zinatosha. Pindeni ncha na mzishone mara mbili zisifumuke. Kijiti kiwe cha mwanzi uliosuguliwa vizuri, kama nusu mita. Kati ya kijiti na utepe fungeni kile kichuma kidogo kinachozunguka ambacho wavuvi wanakiweka kwenye mshipi ili usijisokote. Bila ya hicho utepe utajifunga, na mtoto atakata tamaa.

Nguo iwe ya kitambaa kinachovutika, suruali pana yenye mpira kifundoni, na fulana ndefu. Mtandio uwe wa kuvaa moja kwa moja, bila ya pini. Ondoeni lebo za shingoni na mlaze mishono, kwani baadhi ya watoto hawa ngozi zao hazivumilii mkwaruzo. Mkidhani amekasirika bila sababu, tazameni ndani ya nguo kwanza.

Simameni mbele yake, mfanye nyinyi, naye afuate kama kioo. Kaswida ile ile, mpangilio ule ule, dakika kumi kwa siku. Msikimbilie jipya mpaka la kwanza limekaa.

Na tahadhari moja: watoto wenye hali ya Down huenda wakawa na udhaifu katika mifupa ya shingo, na baadhi yao wana matatizo ya moyo tangu kuzaliwa. Apimwe na daktari kabla ya mazoezi, na asipinduliwe kichwa chini.

Sare ya sita

Rosemary Kennedy aliishi mpaka Januari 2005, akiwa na miaka 86. Miaka ya mwisho ndugu zake walikuwa wakimtembelea na kumchukua nyumbani. Dunia nzima ilikuwa imeshafunguliwa milango kwa ajili yake, na yeye mwenyewe umri wake mwingi uliishia nyuma ya mlango. Kila ninapomfikiria namwona katika lile gauni jeupe, amejikwaa, na ameendelea.

Wewe bi harusi unayesoma, najua unayo mengi: mahari, henna, singo, ukumbi, wageni wa upande wa mume. Najua pia ile khofu ambayo hatuisemi, kwamba wakimwona dada yako watauliza kama jambo hili limo katika damu yenu. Nakwambia kama dada: mume atakayekuacha kwa sababu ya ndugu yako, ni kheri umjue mapema. Na mkwe atakayekuona umemshika mkono ndugu yako mbele ya watu, ataona namna utakavyomshika yeye akizeeka.

Mama yule alirudi baada ya siku nne, peke yake. Hakueleza kitu, nami sikumuuliza. Aliweka kitambaa juu ya meza akasema, "Fundi, kile kipimo cha watano kifanye sita." Binti alikuja kupimwa, na mara hii alinipa mkono mwenyewe, kwa sababu mkono wa pili ulikuwa umeshika utepe wake.

Gauni lake nilimshonea la mikono mipana, ili azungushe apendavyo. Siku ya harusi alikaa na shangazi yake mstari wa mbele, karibu na mlango, pasipo na kelele nyingi. Alichoka mapema akapelekwa nyumbani, na hakuna aliyeona ajabu. Lakini dufu lilipoanza alikuwepo.

Allah awatie nguvu kina mama wote wanaolea amana hizi, na atusamehe sisi tuliozificha. Amin.